Mwamba na maji ya kisima katika Bonde la Pangani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Bonde la Pangani lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 43,000, kuanzia Kilimanjaro na Meru hadi mji wa Pangani baharini, na kipande kidogo kiko Kenya. Majibu haya ni ya wenye visima, kamati za maji, mafundi wa kuchimba na wakulima wanaomwagilia. Hesabu zote tumeziacha wazi ili uweke namba za kisima chako mwenyewe.

Kisima changu na cha jirani viko mita 200 tu. Mbona maji ni tofauti?

Kwa sababu jirani hachoti kwenye mwamba uleule. Maji ya mvua yanaposhuka ardhini hubeba hewa ya kaboni dioksaidi kutoka kwenye udongo, hivyo huwa asidi hafifu. Asidi hiyo hula madini ya mwamba polepole. Kinachobaki majini hutegemea madini gani yalikuwepo, maji yamekaa nayo muda gani, na kama yamepata nafasi ya kutua tena. Miteremko ya volkano imejengwa kwa tabaka: lava ngumu, majivu, tope la volkano lililokauka, lava tena. Bomba lako likiwa limefunguliwa kwenye lava yenye nyufa na la jirani kwenye majivu ya zamani, mmejenga visima viwili vya nchi mbili.

Ni miamba gani iliyomo bondeni, na kila mmoja huleta nini?

Kwa kifupi sana, kuna kanda tatu. Kaskazini, Meru na Kilimanjaro, ni miamba ya volkano: maji yenye sodiamu na baikabonati, na ndiko kuliko na tatizo la floraidi, kitu kinachoharibu meno na mifupa kikizidi majini. Katikati, milima ya Pare na Usambara, ni miamba mikongwe kama naisi: maji hukaa kwenye nyufa, visima hutoa kidogo, na malalamiko ya kawaida ni chuma na ugumu wa maji (sabuni haitoi povu). Karibu na Tanga kuna mawe ya chokaa, yaleyale yenye mapango ya Amboni: maji magumu yenye kalsiamu, na karibu na pwani kabisa, chumvi ya bahari.

Floraidi inatoka wapi hasa? Ni viwanda? Ni mbolea?

Inatoka kwenye mwamba. Lava za Meru zina sodiamu nyingi na silika kidogo, na magma ya aina hiyo hubeba floraidi nyingi tangu ikiwa chini. Ikipoa, floraidi hujificha ndani ya madini ya apataiti, kwenye mika, na kwenye kioo cha volkano kilichomo ndani ya majivu. Kioo hicho huoza haraka kuliko madini yaliyojipanga vizuri, na majivu yana chembe ndogo ndogo, kwa hiyo maji hupata uso mkubwa wa kugusa. Ndiyo maana majivu na tope la volkano mara nyingi ni wabaya kuliko lava nzima iliyo karibu.

Upande wa mashariki wa Meru una shida ya ziada. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu huo wa mlima uliporomoka ukatawanya kifusi kuelekea uwanda wa Kilimanjaro. Ndani ya kifusi hicho kulibaki mashimo yasiyo na pa kutolea maji, yakawa maziwa. Maziwa ya Momella ni ya asili hiyo: maji huingia, jua hukausha, madini hubaki, na floraidi imefika mamia ya miligramu kwa lita. Mahali ambapo vidimbwi vya namna hiyo vilikauka zamani, magadi yamebaki udongoni, na kisima kinachopita humo huokota mzigo wote.

Kilimanjaro nayo ni volkano, na si kweli kwamba haina floraidi. Ila miteremko yake ya kusini hunyeshewa mvua nyingi, lava zake zina nyufa, na maji hupita haraka. Chemchemi za Nsere na Shiri zinazolisha Moshi ni maji mepesi kwa sababu hayakupata muda wa kukaa na mwamba.

Fundi wa maabara alisema tatizo langu ni "kalsiamu ndogo". Kalsiamu inahusianaje na floraidi?

Alisema kweli, na hilo ndilo jambo ambalo wengi hulikosa. Kalsiamu na floraidi zikikutana kwa wingi huungana kuwa jiwe la floraiti na kutua. Kwa hiyo kalsiamu ni kama mlinzi wa mlangoni: ikiwepo ya kutosha, floraidi haiwezi kupanda bila kikomo. Ikiondoka, mlango uko wazi.

Hesabu yake, kwa nyuzi 25 na bila kuingia kwenye masahihisho madogo: ukizidisha kalsiamu kwa floraidi, kisha kwa floraidi tena (zote kwa moli kwa lita), jibu haliwezi kuzidi sana 10 kwa kipeo cha hasi 10.6. Maji yenye kalsiamu miligramu 40 kwa lita yatafika kikomo floraidi ikiwa karibu 3. Kalsiamu ikishuka hadi 4, kikomo hupanda hadi karibu 9.5. Kalsiamu ikiwa 1 tu, unaweza kufika 19.

Sasa kwa nini kalsiamu inapotea? Njia mbili. Kwanza, mwamba unapoendelea kuliwa, baikabonati na pH (kipimo cha asidi: ikipanda, asidi imepungua) hupanda, na kalsiamu hutua kama kalsaiti. Ndizo zile chembe nyeupe ngumu unazoziona katika udongo wa nyanda kavu. Pili, udongo wa mfinyanzi hunyonya kalsiamu na kuachia sodiamu. Maji yakishapita hatua hizo mbili huwa laini, sabuni hutoa povu zuri, mama wa nyumbani huyasifu, na floraidi imeachiwa huru. pH ikifika juu ya 8, kuna nyongeza: haidroksidi ya majini huingia kwenye madini mahali pa floraidi na kuisukuma nje.

Swali linalofuata huwa, "basi nimwage chokaa kisimani?" Hapana. Floraiti hutua polepole sana, na hata ikitua yote utabaki na miligramu 3 au zaidi, bado mara mbili ya kiwango.

Kiwango salama ni kipi?

Miligramu 1.5 kwa lita. Ndicho kiwango cha Shirika la Afya Duniani na ndicho kilichomo katika kiwango cha Tanzania TZS 789 cha mwaka 2018. Kabla ya hapo Tanzania iliruhusu hadi 4, na mwaka 1974 iliwekwa 8 kama kiwango cha muda, kwa sababu ya uhaba wa maji mbadala. Kwa hiyo ukiwa na cheti cha zamani kilichoandikwa "yanafaa", usiangalie neno hilo, angalia namba.

Juu ya 1.5 meno ya watoto huanza kuota na madoa. Kuanzia 3 hadi 6, kwa miaka mingi, mifupa huanza kuathirika, na juu ya 10 ulemavu wa mifupa unawezekana. Meno huharibika yanapojengwa ndani ya ufizi, yaani takribani miaka 8 ya mwanzo. Mtu mzima aliyehamia Arusha hapati madoa, na yule aliyezaliwa na kukulia huko hayatoki kwa mswaki. Hivyo maji machache mazuri uliyo nayo, mpe kwanza mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga, kisha wadogo wanaofuata.

Maji yangu ni meupe na matamu. Yanaweza kuwa na floraidi?

Yanaweza. Floraidi haina rangi, harufu wala ladha kwa viwango hivi. Watu hutaja Maji ya Chai, kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi, kama ushahidi kwamba maji mabaya huonekana. Mto huo kweli una floraidi nyingi, na kweli una rangi ya chai, lakini rangi haitokani na floraidi. Kisima cheupe pe kilicho jirani kinaweza kuwa kibaya zaidi.

Nikichimba chini zaidi nitayakwepa?

Mara nyingi hapana, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Maji ya chini zaidi kwa kawaida ni ya zamani zaidi, yamekaa na mwamba muda mrefu, yana pH ya juu na kalsiamu kidogo. Kina kinasaidia pale tu kinapokufikisha kwenye tabaka lingine, kwa mfano lava yenye nyufa inayolishwa moja kwa moja kutoka juu mlimani.

Mwambie mchimbaji achukue vipande vya mwamba kila mita 2 na apime upitishaji umeme wa maji, unaoonyesha wingi wa madini yaliyoyeyuka, kila tabaka linapotoa maji. Namba ikiruka ghafla, tuseme kutoka mikrosimensi 400 hadi 1,200 kwa sentimita, simamisheni mchukue sampuli ya floraidi kabla ya kuteremsha bomba. Tabaka bovu lizibwe kwa bomba lisilo na matundu na nyuma yake kujazwe saruji au udongo wa bentonaiti. Kosa la kawaida ni kuweka bomba lenye matundu kuanzia juu hadi chini "ili maji yawe mengi", kisha kumwaga kokoto pande zote. Hapo umeunganisha tabaka zote kuwa moja na hakuna wa kuzitenganisha tena. Kibali cha kuchimba hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, Moshi. Kabla ya kulipa mchimbaji, uliza pale takwimu za visima vya jirani.

Nikiyachemsha?

Kuchemsha huua vijidudu na huongeza floraidi kidogo, kwa kuwa maji hupungua na floraidi hubaki. Klorini haiigusi. Chujio la kauri haliigusi.

Nachukuaje sampuli isiyokataliwa maabara?

Ondoa kwanza maji yaliyolala ndani ya bomba. Bomba la kipenyo cha milimita 150 lenye maji ya kina cha mita 30 hubeba karibu lita 530. Pampu mara tatu ya hiyo, kama lita 1,600, au mpaka joto, pH na upitishaji umeme vitulie kwa vipimo vitatu mfululizo. Chukua kabla ya tangi na kabla ya klorini.

Chupa ya floraidi iwe ya plastiki, si kioo. Isuuze mara tatu kwa maji yaleyale, ijaze hadi mdomoni, usitie asidi. Chuma na metali nyingine zinahitaji chupa ya pili: maji yachujwe kwa chujio la mikroni 0.45 kisha yatiwe asidi ya naitriki hadi pH chini ya 2, la sivyo chuma hushika kwenye kuta za chupa na cheti kitasema hakipo. Bakteria wana chupa yao iliyotakaswa, kwenye barafu.

pH pima palepale kisimani. Maji ya chini yana kaboni dioksaidi nyingi. Ukifungua chupa kesho yake hewa imetoka, pH imepanda na kalsiamu imeanza kutua. Tumeona vyeti vyenye pH 8.4 kwa maji ambayo kisimani yalikuwa 7.3.

Nimepata cheti chenye namba nyingi. Nitajuaje kama ni sahihi?

Maji hayana umeme wa ziada, kwa hiyo chaji chanya lazima zilingane na chaji hasi. Gawanya kila namba (miligramu kwa lita) kwa uzito wake: sodiamu 23, potasiamu 39, kalsiamu 20, magnesiamu 12.2, baikabonati 61, kloraidi 35.5, salfeti 48, naitreti 62, floraidi 19.

Mfano wa hesabu: sodiamu 184, potasiamu 15.6, kalsiamu 4 na magnesiamu 2.4 zinatoa 8.0 + 0.4 + 0.2 + 0.2, jumla 8.8. Upande wa pili, baikabonati 415, kloraidi 28.4, salfeti 24 na floraidi 9.5 zinatoa 6.8 + 0.8 + 0.5 + 0.5, jumla 8.6. Tofauti ni 0.2, igawe kwa jumla ya zote, 17.4, upate kama asilimia 1. Chini ya asilimia 5 cheti kinakubalika. Juu ya 10, rudisha.

Cheti hichohicho kinasimulia asili ya maji. Sodiamu 8.0 dhidi ya kloraidi 0.8: sodiamu mara kumi. Maji ya bahari yana uwiano wa 0.86. Kwa hiyo sodiamu hii haikutoka kwenye chumvi, imetoka kwenye mwamba ulioliwa. Kalsiamu 4, floraidi 9.5: yamefika kikomo kile tulichokokotoa juu. Naitreti ikizidi 50, usilaumu mwamba; tafuta choo, zizi au mbolea.

Mkaa wa mifupa hufanya kazi vipi, na kwa nini wakati mwingine maji hunuka?

Mfupa una madini ya jamii ya apataiti, yaleyale yanayopenda floraidi. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo kwa nyuzi 400 hadi 500, kisha husagwa na kuchekechwa kuwa punje za takribani milimita 0.5 hadi 3. Kituo cha Ngurdoto, Arumeru, kimeifanyia kazi njia hii kwa miaka mingi. Moto ukiwa mdogo, mafuta na nyama hubaki: maji yatakuwa na rangi ya manjano na harufu. Moto ukizidi sana, punje hujifunga na uwezo wa kunasa floraidi hushuka. Mkaa mzuri ni mweusi hadi kijivu. Mweupe kabisa umepitiliza, wa kahawia haujaiva.

Kadiria uwezo wa miligramu 2 kwa gramu. Ndoo yenye kilo 10 za mkaa itanasa miligramu 20,000. Maji yakiingia na floraidi 6 na ukitaka kuondoa 5, hiyo ni lita 4,000, yaani siku 200 kwa familia inayotumia lita 20 kwa siku za kunywa na kupikia. pH ya juu hupunguza muda huo. Mkaa uliochoka hautoi dalili yoyote: maji yanabaki meupe na matamu. Bila kipimo kila mwezi unakunywa floraidi ukidhani umeiondoa, na hilo ndilo linaloangusha miradi mingi. Zipo pia nyumba zisizokubali maji yaliyopita kwenye mfupa usiojulikana mnyama wake alichinjwaje. Waulizeni watu kabla ya kununua matangi.

Na shabu na chokaa?

Njia hii ilikuzwa India na ikajaribiwa Arumeru. Kwa ndoo ya lita 20, kipimo kilichotumika ni kama gramu 13 za shabu na gramu 6 za chokaa: koroga haraka dakika moja, kisha taratibu dakika tano, acha itulie saa moja au zaidi, chota maji ya juu kupitia kitambaa. Maji ya floraidi 8 au 9 hushuka hadi karibu 2. Kwa hiyo yafaa maji ya wastani, si maji ya 20. Shabu ikizidi, maji huwa machachu na alumini hubaki. Tope la chini lina floraidi yote uliyoiondoa. Usilimwage kwenye bustani ya mboga.

Kuchanganya maji mawili kunasaidia?

Sana, na ndiyo njia tunayoipendekeza kwanza pale penye chanzo cha pili. Kisima cha 6 na chemchemi ya 0.5: ili upate 1.5, sehemu ya kisima isizidi asilimia 18, yaani lita 3.6 kwa ndoo ya 20. Mvua ni bora zaidi, maana karibu haina floraidi. Bati la mita za mraba 40, mvua ya milimita 900 kwa mwaka, ukipoteza moja ya tano, linatoa lita 28,800. Familia inayotumia lita 20 za kunywa na kupikia kila siku inahitaji 7,300. Tatizo si mvua, ni tangi la kuvuka kiangazi.

Maji yetu yamepimwa ni 0.8, lakini watoto wana madoa. Kwa nini?

Angalia jikoni. Magadi ya kuivishia maharage, makande au kiburu huokotwa palepale ambapo maji ya volkano yamekauka, na floraidi hukauka pamoja nayo. Kiasi hutofautiana sana kati ya fungu moja la magadi na jingine. Loweka maharage usiku kucha badala yake.

Huku Same maji hutoka meupe, yakikaa ndooni yanageuka kahawia. Ni kutu?

Ni chuma kilichoyeyuka mahali pasipo na hewa, kikakutana na hewa. Zaidi ya miligramu 0.3 kwa lita hutia madoa nguo na sinki. Kwanza jua kama kinatoka kwenye mwamba au kwenye bomba la pampu: chukua maji ya kwanza ya alfajiri, kisha mengine baada ya kupampu nusu saa. Chuma kikishuka sana, badilisha bomba. Kisiposhuka, yaangushe maji kwenye trei tatu au nne zenye matundu, kisha yapitishe kwenye mchanga wa kina cha sentimita 60 hadi 80. pH ikiwa chini ya 7 kazi hii huenda polepole mno. Weka vipande vya mawe ya chokaa kwenye trei.

Kisima chetu cha pwani kimeanza kuwa na chumvi. Tufanye nini?

Pampuni kidogo, kwa muda mrefu zaidi. Maji matamu huelea juu ya maji ya bahari, na kila mita moja unayoshusha usawa wa maji matamu, mpaka wa chumvi unaweza kupanda hadi mita 40. Bahari ina kloraidi kama miligramu 19,000 kwa lita, kwa hiyo asilimia 2 tu ya maji ya bahari inaongeza 380, na ulimi huanza kuhisi kwenye 250. Usichimbe chini, unaisogelea chumvi. Kisima kipya kiwe kifupi na mbali na ufuko.

Maji ya floraidi yanafaa kumwagilia?

Floraidi si tatizo la kwanza shambani, sodiamu ndiyo. Tumia cheti cha mfano: nusu ya jumla ya kalsiamu na magnesiamu ni 0.2, kipeuo chake cha pili ni 0.447, na 8.0 ukigawa kwa hiyo unapata karibu 18. Hiyo ni hatari kwa udongo wa mfinyanzi: chembe zake huachana, uso huwa kama sakafu, maji hayazami. Baikabonati 6.8 ukitoa 0.4 ni 6.4, na zaidi ya 2.5 tayari haifai.

Dawa ni jasi, ambayo huchimbwa humuhumu bondeni, Makanya. Kila kipimo kimoja cha hiyo baikabonati ya ziada unachotaka kupunguza kinahitaji gramu 86 za jasi safi kwa mita moja ya ujazo ya maji. Kupunguza 4 kwa umwagiliaji wa milimita 100 kwenye hekta moja ni mita za ujazo 1,000, yaani kilo 344; jasi ikiwa safi kwa asilimia 70, nunua kilo 490. Isambaze na kuichanganya na udongo wa juu kabla ya kumwagilia, na hakikisha kuna mtaro wa kutolea maji. Bila mtaro, sodiamu iliyong'olewa hubaki palepale kwenye mizizi.